Takwimu zilizoniinua kwenye ubashiri wa futiboli ya vyuo, baada ya Nebraska kuniangusha

Msimu wa 2022 nilimaliza wa kwanza kati ya watu kumi na wawili wa zamu yetu ya usiku, ghalani hapa Omaha, jimbo la Nebraska. Nimetoka Tanga, nimekulia kwenye mechi za Coastal Union, na futiboli ya Kimarekani nimeijulia ukubwani. Ndiyo maana ule ushindi naujali sana. Naandika pia kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbovu, na kila Agosti nasikia mtu mgeni akipewa uleule.

Mchezo wetu ni huu: kila Ijumaa tunachagua mechi kumi za vyuo, unaandika mshindi na atashinda kwa pointi ngapi, unatoa dola tano hivi. Nyumbani tungeuita mkeka, ila huu hauchaniki kwa mechi moja, maana anayekaribia matokeo hupata alama zake. Kwa asiyejua: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikikwama, kwa kawaida jaribio la nne hubutua mpira mbali ili mpinzani aanzie kwake.

Mzee mmoja wa zamu yetu, mtu wa hapa hapa Nebraska, aliniambia: "Kijana, angalia nani anakaa na mpira muda mrefu." Mwingine akaniambia nihesabu mara ambazo timu inakimbia na mpira, kwamba ikifika arobaini imeshinda. Nilipoteza wiki nyingi kwa ushauri huo. Oregon ya 2010 ilicheza kwa kasi kubwa, ikawa inakaa na mpira muda mfupi kuliko wapinzani wake wengi, na bado ikafika fainali ya taifa, ikafungwa na Auburn 22-19 tu. Na timu inayoongoza ndiyo inayokimbia na mpira, kwa sababu saa haisimami na inataka mechi iishe. Kukimbia kunafuata uongozi. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Ushauri uliokuwa na ukweli ndani yake nilipewa na mwenzetu Mkongomani: "Ndugu yangu, hesabu mipira inayopotea," yaani inayochukuliwa na mpinzani. Kweli, ukiniambia baada ya mechi nani alipoteza mpira mara chache, nitakutajia mshindi na mara nyingi nitapatia. Shida ni kwamba hesabu ya Jumamosi iliyopita haikunisaidia kitu Jumamosi iliyofuata. Mchezaji kuangusha mpira ni tabia, inaweza kujirudia. Lakini nani atauokota ni bahati, kwa sababu mpira wenyewe umechongoka pande mbili na hudundia popote unapotaka. Tangu hapo nikawa natenganisha takwimu zinazoeleza mechi iliyokwisha na zinazobashiri ijayo. Watu wanazichanganya sana, hata watangazaji.

Sasa Nebraska, timu ya chuo kikuu cha jimbo letu. Ukiishi Omaha huwezi kuikwepa. Tiketi za uwanja wake wa Lincoln zimekuwa zikiisha kila mechi ya nyumbani tangu 1962. Mwaka 2021 ilishinda mechi 3 na kupoteza 9, na zote tisa ilifungwa kwa pointi 9 au chini ya hapo. Nikajumlisha pointi za msimu mzima: imefunga 335, imefungwa 272. Timu iliyopoteza mechi tisa ina ziada ya pointi 63! Nilikuwa nimeshajifunza kwamba tofauti ya pointi hubashiri vizuri kuliko rekodi ya ushindi, kwamba mechi za kubanana ni bahati na bahati hugeuka. Nikawaambia wenzangu wote kwamba 2022 Nebraska itashinda mechi nane. Nilisema kwa sauti, chumba cha mapumziko kizima kikasikia.

Mechi ya kwanza ilichezwa Dublin, Ireland, tarehe 27 Agosti, dhidi ya Northwestern. Nebraska ikaongoza 28-17 katika robo ya tatu, kisha ikajaribu mpira mfupi wa kushtukiza kwenye kuanzisha. Northwestern wakaudaka, wakarudi mchezoni, wakashinda 31-28. Huo ndio ulikuwa ushindi pekee wa Northwestern msimu mzima: 1 kwa 11, yaani walishinda moja wakapoteza kumi na moja. Wiki mbili baadaye Nebraska ikafungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42, na kocha Scott Frost akafukuzwa. Mwisho wa msimu ilikuwa 4 kwa 8. Iliniuma sana, kwa sababu sikuwa nimebahatisha. Nilikuwa nimepiga hesabu.

Nikazirudia zile 63 usiku mmoja baada ya zamu, mechi moja moja, na hapo ndipo nilipoliona kosa. Ushindi wa 2021 ulikuwa wa mechi tatu: Fordham 52-7, Buffalo 28-3, Northwestern 56-7. Hiyo peke yake ni ziada ya pointi 119, na Fordham ni chuo cha daraja la chini ambacho Nebraska ilitakiwa kukifunga hivyo. Zile tisa zilizobaki ni upungufu wa pointi 56. Ziada ile niliyoitangaza ilijengwa na Jumamosi tatu tu. Nilikuwa nimepima mchele na pumba zake.

Basi nikaanza kupepeta. Kwanza nilitoa mechi zote dhidi ya timu za daraja la chini. Pili, nilitoa dakika ambazo mechi imeshaamuliwa, pale timu inapoongoza kwa pointi ishirini na kitu robo ya nne na wachezaji wa akiba wameingia. Tatu ni ujanja ninaojivunia kuliko yote. Katika takwimu rasmi za vyuo, kotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, akiangushwa kabla hajarusha, yadi alizorudishwa nyuma zinakatwa kwenye hesabu ya kukimbia. Kwenye ligi ya kulipwa hawafanyi hivyo, zinakatwa kwenye pasi. Chukulia timu imekimbia mara 30 ikapata yadi 150, na kotabeki wake ameangushwa mara 5 akapoteza yadi 35. Karatasi itakuambia mikimbio 35, yadi 115, yaani 3.3 kwa mkimbio, na utasema hawa hawajui kukimbia. Ukweli ni 5 kamili. Na kama walirusha pasi 30 kwa yadi 210, karatasi inawapa 7 kwa pasi, ila ukirudisha yale maangusho matano mahali pake unapata 5. Timu hiyo inakimbia vizuri na pasi zake ni za wasiwasi, kinyume kabisa cha kilichoandikwa! Kuzihamisha hizo namba kulinichukua Jumapili nzima kila wiki, na kulilipa.

Baada ya kupepeta nilibaki na safu mbili ninazoziamini. Moja ni yadi timu inazopata kwa kila jaribio, ukitoa zile ambazo ulinzi wake unaruhusu. Ya pili ni asilimia ya majaribio yaliyofaulu, yaani jaribio la kwanza likileta nusu ya yadi zinazotakiwa, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Timu yenye safu zote mbili nzuri dhidi ya wapinzani wazito, usiipinge.

TCU, timu ya chuo kikuu cha Texas Christian, walikuwa mtihani wangu. Walikuwa wanashinda kila wiki kwa tundu la sindano, wakaifunga Baylor 29-28 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Nusu fainali waliitoa Michigan 51-45 ingawa Michigan ilipata yadi 528 na wao 488, kwa sababu pasi mbili za Michigan zilidakwa zikageuzwa kuwa pointi. Ghala zima likawapenda. Fainali ya tarehe 9 Januari 2023 wengi waliandika Georgia kwa pointi kumi au chini. Mimi safu zangu zilinipa 24 na mzee akaniambia nimezidisha. Ilikwisha 65-7, yadi 589 kwa 188. Msimu uliofuata nikasema TCU hawatashinda mechi nane. Walimaliza 5 kwa 7.

Iowa ndio walionisumbua. Mwaka 2023 walishika mkia wa taifa kwa yadi za mashambulizi na bado wakashinda mechi 10. Walikuwa na ulinzi wa chuma na Tory Taylor, Mwaustralia aliyebutua jumla ya yadi 4,479, rekodi ya msimu kwa vyuo. Kila mpinzani alianzia karibu na goli lake mwenyewe. Ilinilazimu kuongeza safu ya tatu, mahali timu inapoanzia mashambulizi. Ikanisaidia tarehe 24 Novemba, Iowa walipokuja Lincoln: niliandika Iowa kwa pointi 4, wakashinda 13-10 kwa mkwaju wa mwisho. Majirani zangu wawili hawakunisemesha mpaka Jumatatu. Sasa nafungua safu ya nne, ya wapigaji mikwaju, na nimeanza na mechi zote tisa ambazo Nebraska ilipoteza 2021.