Mzee ametoka salama

Alhamdulillahi. Jana baba yetu, hapa Toronto, alitibiwa saratani ya tezi dume bila kupasuliwa. Alichomwa sindano ya usingizi, akalazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, wakapitisha kijiti chembamba kwenye njia ya mkojo. Kijiti hicho hutoa mawimbi ya sauti yanayoichoma tezi kwa ndani, nyuzijoto 55 na zaidi, daktari akifuatilia joto lenyewe kwenye skrini na maji baridi yakilinda njia ya mkojo na ya haja kubwa. Kwa muda wa saa nne nimekaa pale nje na tasbihi mkononi! Hakuwahi kuwa na dalili yoyote, jamani, kipimo cha damu tu ndicho kilichomshtua daktari. Leo bado ana mpira wa mkojo, unamsumbua sana, ila asubuhi ameomba uji mwenyewe.