Mtu wa Nne

Kanuni za mbio zile zilikuwa nyingi, na ile iliyonihusu kuliko zote ndiyo niliyoipitia juujuu: muda wa timu unahesabiwa mtu wa nne anapovuka mstari. Watatu wa kwanza hata wakifika kama upepo, saa haisimami. Inamsubiri wa nne.

Nasi tulikuwa wanne. Nahodha, tuliyembandika jina hilo kwa kuwa ndiye aliyetuandikisha. Mwalimu, anayefundisha hesabu, mwenye mwili mzito kutuzidi sote. Dada, mkubwa wetu kwa umri, na wa pekee kati yetu aliyewahi kukimbia mbio za siku zaidi ya moja. Na mimi. Zilikuwa mbio za ridhaa, za hatua tatu kwa siku tatu: Ijumaa kilometa 18, Jumamosi 26, Jumapili 17. Jumla 61. Nilikuwa nimeshamaliza marathoni, kilometa 42.195 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo nilipoziona zile 61 zimekatwa vipande vitatu, tena kati ya kipande na kipande kuna usiku mzima wa kulala, nilijiambia hizi zitakuwa nafuu.

Kumbe ule usiku wa katikati ndio mbio zenyewe.

Ijumaa tulianza saa 12 na nusu asubuhi, nyasi za kando ya njia zingali na umande. Kilometa 11 za mwanzo zilikuwa za kupanda polepole, na tulipanda pamoja kama tulivyokubaliana, tukiongea maneno mawili matatu kisha kunyamaza. Tulipofika juu, njia ikageuka. Mbele yetu kulikuwa na kilometa 7 za mteremko wa changarawe, umenyooka, na mwili wangu ulikuwa bado mbichi kabisa.

Sijui nieleze vipi raha ya mteremko kwa mtu ambaye hajawahi kuuachia mwili wake. Miguu haikimbii tena, inadondoka tu na kujiokota. Changarawe zinaserereka chini ya soli, upepo unakutoa machozi, na kila mtu aliye mbele anakuja kwako kana kwamba amesimama. Nilisikia Dada akiniita nyuma: "Mdogo wangu, jizuie! Kuna kesho na keshokutwa!" Nilimsikia vizuri sana. Nikanyoosha mkono juu kumjibu, nikaendelea. Niliwapita watu 23. Niliwahesabu mmoja mmoja.

Nilivuka mstari kwa saa 1 na dakika 53. Kijana aliyekuwa akigawa maji aliitazama namba kifuani pangu, ambayo ilikuwa na herufi ya timu, akaniuliza kwa upole, "Wenzako wako wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilisimama pale dakika 11. Jasho lilinikaukia na kuacha michirizi myeupe ya chumvi kwenye fulana, miguu ikaanza kupoa, na nilikuwa natazama ule mlango wa kumalizia ambao nilikuwa nimeupita peke yangu bila faida yoyote kwa mtu yeyote. Kisha wakatokea, watatu sambamba, Mwalimu katikati. Yeye ndiye aliyevuka wa mwisho. Saa 2 na dakika 4. Hakuna aliyenigombeza. Mwalimu alinipa mkono, kiganja chake kimelowa, akasema, "Umekimbia vizuri, ndugu yangu," na alimaanisha hivyo.

Jioni ile nilivua soksi nikakuta lengelenge chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kubwa kama ukucha wa dole gumba la mkono, limejaa maji. Dada alileta sindano. Aliipitisha kwenye moto, akaiacha ipoe, akaupangusa mguu wangu kwa spiriti, kisha akalichoma lengelenge pembeni kabisa, karibu na ngozi nzima, si katikati. Maji yakatoka taratibu. Aliyakamua kwa pamba, akiilaza ile ngozi iliyolegea irudi mahali pake. "Usiichune," alisema. "Hiyo ndiyo bandeji yako ya kwanza." Akaweka kitambaa safi juu yake, akazungusha plasta bila mkunjo hata mmoja, maana mkunjo mmoja ukiwa ndani ya kiatu kwa kilometa 26 ni lengelenge jingine.

Akiwa bado ameushika mguu wangu, alinieleza habari za mteremko. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja huku unasukuma. Ukishuka, unafanya kazi ya breki: unakaza na wakati huohuo unavutwa urefuke, na nyuzi zake zinachanika, michaniko midogo mno isiyoonekana kwa macho. Maumivu yake hayaji siku ileile. Yanaanza kesho yake, na mara nyingi yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu. "Mteremko wa leo," alisema, "utaulipa Jumapili." Hakusema kwa kunikaripia. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwa kidole mahali palipo na shimo njiani, ila mimi nilikuwa nimeshatumbukia.

Ya Jumamosi sina mengi ya kusimulia, kwa sababu nusu yake siikumbuki sawasawa. Njia ilikuwa tambarare, kando ya maji, na upepo wa usoni haukukatika. Nahodha alitupanga msururu, mmoja mbele akikinga upepo, wengine nyuma yake, tukibadilishana kila kilometa. Alitukumbusha kwamba Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 pale Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na wasaidizi 41 waliotengwa kwa kazi hiyo, wakiingia na kutoka kwa zamu, wakimzunguka na kumkinga. "Yeye alikingwa," Nahodha alisema. "Sisi tusikingane kwa nini?"

Hadi kilometa ya 19 nilishika zamu zangu. Baada ya hapo niliisha. Nilikuwa nimeimaliza akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini siku ya kwanza, na akiba hiyo hairudi kwa usiku mmoja, hasa ukiwa umelala vibaya na hukuwa na hamu ya kula. Maneno ya watu yalinifikia yakitokea mbali. Mwalimu alirudi nyuma mpaka ubavuni kwangu, akafungua kipakiti cha unga wa sukari na chumvi kwa meno, akakimimina kwenye chupa yangu, akaitikisa huku anakimbia, akanipa. Akakaa palepale ubavuni hadi mwisho. Kwenye mstari alinipisha nipite. Saa 3 na dakika 21.

Usiku wa pili nilifanya uamuzi. Mapaja yalikuwa yameanza kuwaka, na nilijua kilichokuwa kikija. Jumapili ilikuwa na kilima cha kilometa 9 na mteremko wa kilometa 5 kabla ya tambarare ya mwisho, na muda wa mwisho wa kufunga mlango ulikuwa saa 2 na dakika 45. Mtu mmoja wa timu akichelewa, timu nzima inaondolewa kwenye orodha. Mtu mmoja akijitoa, vilevile, lakini wengine watatu wanaruhusiwa kumaliza na kupata nishani zao. Niliwaambia nitajitoa asubuhi. Bora wao wamalize bila mzigo.

Hakuna aliyejibu kwa muda. Halafu Mwalimu, aliyekuwa amelala chali miguu ikiwa juu ya ukuta, akaanza kuzungumza habari za John Stephen Akhwari. Mexico City, 1968, marathoni ya Olimpiki. Akhwari alianguka njiani, akaumia vibaya goti, akafungwa bandeji, akasimama, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, watu wengi wameshaondoka, anachechemea na bandeji yake. Walianza 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya hao 57.

Nilikuwa nikiijua habari hiyo tangu utoto. Sidhani kuna aliyekua akisikiliza redio nyumbani asiyeijua. Lakini Mwalimu hakusimulia kishujaa. Alisimulia kama hesabu: walioanza, waliomaliza, tofauti ya dakika. Mwisho akageuza kichwa akanitazama. "Yeye alikuwa peke yake njiani," alisema. "Wewe tupo. Kesho nitakuwa mbele yako kwenye mteremko."

Jumapili asubuhi sikuweza kuinua mguu kuuingiza kwenye bukta. Nilikaa sakafuni nikaivaa nikiwa nimekaa, na kusimama kutoka pale kulinichukua muda. Lakini kilima, ajabu, kilinipokea. Misuli iliyochanika kwa kushuka ilikuwa bado ina nguvu fulani ya kupanda, na tulifika juu kwa saa 1 na dakika 22. Nahodha aliitazama saa yake, akasema tuko salama. Dada hakusema kitu. Alikuwa akiangalia mteremko.

Hatua ya kwanza ya kushuka, goti lilijikunja lenyewe. Si kwa maumivu tu, ingawa maumivu yalikuwepo. Ni kwamba paja halikuwa na breki tena. Dada alinishika kiwiko. "Hatua fupi. Fupi zaidi. Kata njia mshazari, usishuke moja kwa moja." Kanuni ziliruhusu wenzako wa timu kukushika, si kukubeba. Mwalimu akaja mbele yangu, akanigeuzia mgongo, akasema, "Weka mkono begani."

Nikaweka. Hivyo ndivyo tulivyoshuka kilometa 5. Nayakumbuka mengi ya siku zile tatu, lakini hakuna ninalolikumbuka kama bega lile. Fulana yake ilikuwa imelowa chapa, na chini ya kiganja changu nilihisi mfupa, halafu nyama, halafu pumzi yake ikiingia na kutoka. Kila nilipoegemea zaidi, alipunguza mwendo kabla sijasema. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne, na hatua yangu ya kushoto ilikuwa ikiangukia kwenye moja. Watu walitupita. Nadhani baadhi yao ni wale niliowapita Ijumaa kwenye mteremko ule mwingine. Mmoja alitupungia mkono akasema, "Twendeni, timu!" Nilijaribu kumwitikia, koo ikakataa.

Wakati fulani nilimwambia Mwalimu, nikisema na mgongo wake, kwamba Ijumaa nilimsikia Dada akiniita na sikusimama. Hesabu ilikatika. Akakimbia hatua kadhaa kimya. "Najua," alisema. "Ulinyoosha mkono." Kisha akaanza tena kutoka moja.

Tulifika chini saa ikisoma saa 2 na dakika 14. Zilibaki kilometa 3 na dakika 31. Kwenye tambarare niliweza tena kukimbia, mwendo mdogo, miguu ikiwa migumu kama iliyofungwa vipande vya mbao, lakini nilikimbia, na tulikimbia sambamba wanne, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu kilele cha siku ya kwanza. Nahodha alikuwa akitangaza dakika. Dada alikuwa analia bila kujificha. Sikumuuliza sababu, hata baadaye.

Mlango wa kumalizia ulikuwa mwembamba, hauwatoshi watu wanne kwa pamoja. Nahodha akapita, Dada akapita. Nilipunguza mwendo ili Mwalimu atangulie, nikitaka mimi niwe wa nne, maana nilikuwa wa nne kwa kila hali. Nikahisi kiganja mgongoni, kizito, kimenisukuma mbele, nikajikuta nimeshaukanyaga mkeka unaosoma namba. Yeye akafuata.

Saa 2 na dakika 38. Kwa siku tatu, saa 8 na dakika 3.

Matokeo yalibandikwa ubaoni baada ya kama saa moja. Nilichechemea hadi pale nikaisoma timu yetu mstari kwa mstari. Ijumaa, mtu wa nne: Mwalimu. Jumamosi, mtu wa nne: Mwalimu. Jumapili, mtu wa nne: Mwalimu. Nilimtafuta msimamizi nimweleze kwamba ile ya Jumapili haikuwa hivyo, na ya Jumamosi pia. Msimamizi akaniambia mkeka umesoma ulichosoma. Mwalimu alikuwa amenifuata, akasikia. "Acha ibaki," alisema.

Jukwaa walipotupa nishani lilikuwa na ngazi sita. Kupanda tulipanda. Kushuka, Dada alijishika kwenye reli, akageuka, akashuka kinyumenyume, ngazi moja baada ya nyingine, maana kwa mapaja yaliyochanika hiyo ndiyo njia isiyouma sana. Nahodha akafanya vivyo hivyo. Nikageuka na mimi. Mwalimu, ambaye sidhani kama yeye alihitaji, aligeuka pia, akashuka akiwa amenitazama usoni, mkono mmoja ukiwa tayari hewani upande wa bega langu.