Jinsi nilivyosafisha makosa ya tahajia kwenye msimbo

Mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba alinipigia simu kuhusu ujumbe wa programu niliyoiandika: "Kijana wangu, hii 'Malipo yamekamirika' ni Kiswahili gani?" Niliona haya.

Nilianza na maelezo ya Kiingereza ndani ya msimbo (code), yaani maandishi ya kompyuta yanayounda programu. Nikasakinisha codespell, programu ya bure inayolinganisha maneno na orodha ya makosa yaliyozoeleka. Ikanitolea "recieve" na "seperate" kila kona. Usikimbilie chaguo la -w, linalorekebisha makosa kwa mpigo bila kukuuliza: ilinibadilishia "adress", jina la safu ya hifadhidata tangu zamani, programu yangu ikagoma hadi nikairudisha kwa Git, chombo kinachotunza matoleo ya awali ya msimbo. Sasa majina kama hayo nayaepusha kwa -L, chaguo la kutaja maneno ya kurukwa. Na "Referer" ya HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, usiiguse kabisa: huutajia seva ukurasa ambao msomaji ametoka. Imekosewa (ilipaswa kuwa "Referrer") tangu RFC 1945, waraka wa HTTP wa mwaka 1996, na vivinjari huituma hivyo hivyo.

Kiswahili, codespell haikijui. Jumbe zote nilizihamishia faili moja ya .po, aina ya faili inayotenga maandishi ya programu na msimbo wake, nikazichapa kwenye karatasi, na dada yangu, mwalimu wa Kiswahili, akazipitia kwa kalamu nyekundu jioni moja kwake Umoja. "Yamekamirika" zilikuwa tatu. Mbili nilizinakili mwenyewe kutoka ile ya kwanza.