Mwanafarasi anayeumwa tumbo kila mara

Mwanafarasi akiumwa tumbo mara moja, huenda ni gesi tu. Akiumwa mara ya tatu ndani ya mwezi, sindano ya kutuliza maumivu haitoshi tena: kuna kinachomsokota, na kila sindano inazidi kukificha. Kwenye mashamba ya farasi, iwe Molo, Njoro au Gilgil, saisi awe na daftari la kuandika saa alipoanza kugaagaa, alichokula kabla ya hapo na dawa ya mwisho aliyopewa. Daktari wa mifugo atalihitaji hilo daftari kuliko maelezo yoyote.

Minyoo ndiyo ya kwanza kushukiwa, hasa kati ya miezi 4 na 8. Parascaris ni minyoo mikubwa, myeupe, na mmoja waweza kupita sentimita 30. Tumbo hutuna, manyoya hupauka, na kikohozi huja kwa sababu viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, hupitia mapafuni. Hapa ndipo watu huharibu. Wanaona tumbo la minyoo, wanampa ivamektini au piranteli; minyoo yote inapooza kwa pamoja, inajirundika na kuziba utumbo mwembamba. Maumivu makali yakija siku chache baada ya dawa ya minyoo, usidhani ni bahati mbaya. Isitoshe, Parascaris wa nchi nyingi wameshaizoea ivamektini. Fenbendazoli ni salama zaidi: miligramu 10 kwa kila kilo ya uzani, dozi ya kwanza akiwa na miezi 2 hadi 3, kisha mavi yapimwe mayai kabla ya kumwachisha ziwa. Uzani upimwe kwa utepe, usikisiwe. Mayai hukaa udongoni miaka kadhaa, kwa hiyo kuwalea wana wa kila mwaka kwenye uwanja uleule ni kuwapandia ugonjwa.

Tegu nao hujazana pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, na huleta msokoto unaokuja na kuondoka. Kipimo cha mavi mara nyingi hakiwaoni. Dawa yao ni prazikwanteli.

Mtoto anayeacha kunyonya katikati, anasaga meno, anatokwa na mate na kulala chali miguu juu, mshuku vidonda vya tumbo. Fenibutazoni, dawa ya kutuliza maumivu anayopewa kila anapoumwa, huvizidisha. Ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Omeprazoli hutolewa mara moja kwa siku kwa wiki 4, wala isikatizwe kwa kuwa anaonekana amepona.

Chakula: mlo mmoja wa nafaka usizidi nusu kilo kwa kila kilo 100 za uzani wake, na badiliko lolote lifanywe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Chakula cha kuku au cha ng'ombe kinaweza kuwa na dawa ya monensini, ambayo huua misuli ya moyo wa farasi. Kisiingie bandani hata siku ambayo duka halina kingine. Kamba za nailoni za marobota ya nyasi ziokotwe zote, maana wadogo hutafuna kila kitu. Na mchanga anaoumeza akila nyasi chini? Koroga mafungu 6 ya mavi mabichi, yaliyookotwa bila udongo, kwenye jagi la kioo lenye lita 2 za maji. Kikituama kijiko kizima cha mchanga, hamishia nyasi kwenye hori.

Kagua pia kitovu. Uvimbe laini unaorudi ndani ukibonyezwa unaweza kusubiri daktari afike kwa ratiba yake. Ukiwa mgumu, una joto na haurudi, ni dharura ya siku hiyohiyo. Vilevile akitoa majimaji puani, ufizi ukibadilika rangi, au asipotoa mavi huku maumivu yakirudi punde tu dawa inapoisha nguvu.

Mafuta ya kupikia kwa chupa mdomoni, msithubutu. Huishia mapafuni. Farasi hatapiki, na tumbo lililojaa hupunguzwa kwa mpira unaopitishwa puani na daktari.