Tulivyoingia Bungeni Dodoma bila kumjua mkubwa yeyote

Nianze na waliotupotosha, maana ni wengi na wote walikuwa na uhakika. Hapa Moshi ukisema unataka kwenda kuangalia Bunge, kila mtu anakuwa mtaalamu. Mmoja anakwambia bila kimemo cha mbunge hupiti getini. Mwingine anataka mshone suti. Fundi viatu jirani yangu pale soko la Memorial aliapa kwamba mwananchi wa kawaida haruhusiwi, wanaingia waandishi wa habari na ndugu wa wabunge tu. Yeye hata Babati hajafika.

Aliyetutia hasara kabisa ni kijana mmoja anayejiita mtu wa siasa. Alitupigia simu: "Mama, njooni haraka, wabunge wote wako Dodoma, mji umefurika!" Basi mimi na mwenyekiti wa kikundi chetu tukatangulia kuangalia njia, wenzetu wafuate baadaye. Tulipanda basi alfajiri. Siku hizi safari si mateso, kutoka Arusha unapita Makuyuni, Minjingu, Babati, unateremka Kolo hadi Kondoa kwa lami tupu. Zamani wengi tulizunguka kwa Chalinze na Morogoro, unafika miguu imevimba.

Mji kweli ulikuwa umefurika. Gesti zimejaa, zenye nafasi zimepandisha bei, ikabidi tulale kitanda kimoja, na mwenyekiti wangu anakoroma, Mungu anisamehe. Asubuhi tukajipamba, tukafika getini tunanukia. Askari, kijana mpole tu, akatuangalia kwa huruma: "Mama zangu, hizi ni wiki za kamati. Bunge lenyewe bado."

Kumbe wabunge hutangulia Dodoma kukaa kwenye kamati zao, wakichambua miswada na mambo ya bajeti, ndipo mkutano wenyewe uanze ukumbini. Kwa hiyo kujaa kwa mji si dalili ya kitu chochote. Tuliutazama ule ukumbi wa duara tukiwa barabarani, tukanunua zabibu, tukageuza. Nilipompigia yule kijana nimpe vidonge vyake, alinijibu bila aibu: "Lakini si mmewaona wabunge?" Tulimwona mmoja. Alikuwa sheli, anajaza mafuta.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, ulizia ratiba ya mkutano, usiulizie kama wabunge wapo. Kwa kawaida mikutano ni minne kwa mwaka: wa mwanzoni mwa mwaka, wa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, wa Agosti au Septemba, na wa Novemba. Mwaka wa uchaguzi mambo hubadilika. Ule wa bajeti ndio mtamu, ila na vyumba ndipo vinapokuwa ghali. Na kama unaweza kuchagua siku, chagua Alhamisi, ndiyo siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu.

Safari ya pili, na wenzetu wote, barua ya kuomba kuingia tuliiandika wenyewe, kwa Katibu wa Bunge: majina yetu, idadi, tarehe tunayoomba, namba ya simu ya mwenyekiti, muhuri wa kikundi chini. Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa, akina mama watupu, na tulisema wazi kwamba tunakuja kujifunza. Mbunge wenu akiwaalika ni vizuri zaidi, sikatai, lakini msikae mnamsubiri.

Sasa mavazi. Hapo hakuna masihara, na nilishawaambia wenzangu kabla ya safari: isiwe fupi, isibane, isionyeshe. Mwaka 2021 hata mbunge mwenyewe aliambiwa atoke ukumbini akabadilishe suruali, sembuse wewe wa Kiboriloni. Wote tukashona kitenge sare, na fundi ni mimi, kwa hiyo nilijua kila mshono. Nisichokijua ni kwamba mama mmoja, jina namhifadhia, alichukua gauni lake akalipeleka kwa fundi mwingine kimya kimya alikate mpasuo. Mpasuo wenyewe ulianzia juu ya goti! Tumefika getini, dada wa ukaguzi akamtazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Mama, wewe subiri pembeni." Mwenzetu machozi yakaanza kulenga.

Mimi sitoki nyumbani bila sindano na uzi, ni ugonjwa wa kazi. Nikamvuta kando, akina mama wakatuzunguka na khanga zao kama pazia, nikapiga magoti nikaufunga mpasuo wote kwa mkono, bandi ndogo ndogo, uzi wa kijani uleule wa kitenge. Aliposimama hakuna ambaye angejua. Ila akawa anatembea kwa hatua za bibi harusi, maana gauni lilikuwa halimpi nafasi. Yule dada wa ukaguzi alicheka, akampitisha. Mkasi wangu mdogo wa nyuzi ndio uliokwama kwenye mashine, nikauacha getini na kuuchukua wakati wa kutoka.

Ndani wageni mnakaa juu, kimya, simu zimezimwa. Hakuna kupiga makofi hata mbunge wa kwenu akisema la maana. Saa tatu asubuhi linaingia lile siwa, rungu la mamlaka ya Bunge, limebebwa begani, Spika nyuma yake na joho, wote mnasimama, inasomwa dua, maswali yanaanza. Mbunge anauliza, Naibu Waziri anajibu, yanafuata ya nyongeza. Nilihesabu maji, barabara, zahanati, halafu maji tena. Na jibu ambalo sote tulilikariri hadi jioni: Serikali itajenga "kadiri fedha zitakavyopatikana". Mwenyekiti wetu siku hizi analitumia kwa wanaomwomba mkopo.

Televisheni inakuonyesha anayesema tu. Kutoka kule juu unawaona wasiosema: anayesinzia, anayechezea simu, anayenong'ona na jirani yake, na wahudumu wanaopita na vikaratasi. Mimi nilimfuata kwa macho mhudumu mmoja tangu kwa mbunge wa nyuma kabisa hadi kwa waziri wa mbele. Waziri akasoma, akageuka, akatikisa kichwa. Hapana. Nililala nikiwaza kile kikaratasi kilikuwa na nini.

Baada ya maswali ndipo wanatangazwa wageni. Kutajwa kikundi cha akina mama kutoka Moshi, tukasimama, wabunge wakagonga meza. Mwenzetu wa mpasuo alichelewa kunyanyuka, nadhani mnaelewa.

Nauli, kulala na chakula, weka kama laki moja na nusu hadi mbili kwa mtu, kutegemea unakula kwa nani. Chumba kiwekeeni pesa mapema.

Sasa tunataka Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako hapo Arusha, kwenda na kurudi ni siku moja. Ila na lenyewe kuna vikao linakwenda kufanyia nchi nyingine wanachama, kwa hiyo safari hii hatupandi basi hadi tujibiwe. Barua nimeshaiandika, inasubiri muhuri tu, na muhuri mwenyekiti amesafiri nao Rombo.