Tulipogawana vyuma Uvinza

Vyombo vya safari ya baiskeli vigawanywe usiku, watu wakiwa wameshiba. Sisi tulivigawana saa kumi na moja alfajiri, Agosti 2018, kwenye sakafu ya gesti pale Uvinza, simu imeegemezwa kwenye kiatu ili itumulikie, na kila mmoja ana haraka ya kuliwahi jua.

Mwenzangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo majina yetu hayakupata kazi njiani. Ilikuwa mtani huku, mtani kule. Utani wenyewe ni wa njia hiihii, tangu wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na pembe zao kwenda Bagamoyo. Yeye alikuja Tabora kwa treni, baiskeli ikiwa kwenye behewa la mizigo. Tukatoka Tabora kwenda Urambo, Kaliua, Nguruka, tukavuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, na siku ya sita tukaingia Uvinza kwenye mji wa chumvi. Toka hapo njia zinagawanyika: ya kusini inakwenda Mpanda, ya magharibi inakwenda Kigoma. Yeye alikuwa anaelekea Mpanda, Sumbawanga mpaka Mbeya. Mimi nilitaka ziwa.

Hatukugombana. Tatizo lilikuwa mwendo. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix ya inchi 28, gia moja, na alikanyaga kilomita 12 kwa saa kuanzia asubuhi hadi jioni kama saa ya ukutani. Yangu ilikuwa ya mtumba, inchi 26, yenye gia, kwa hiyo mlimani nilimwacha, kisha nikakaa chini ya mti kumsubiri. Watu hudhani anayesubiri anapumzika. Jasho linamkauka, misuli inapoa, na akianza tena magoti yanalia. Anayekuja nyuma naye hapumziki kabisa, maana akifika tu mwenzake anasimama na kufunga kofia. Siku ya tatu, baada ya Urambo, tulilisema hilo waziwazi tukila mihogo, tukakubaliana kuachana Uvinza.

Tangu Tabora mzigo tulikuwa tumeugawa kwa uwezo wa keria. Yake ilikuwa ya nondo, imechomelewa na fundi, inabeba gunia la mkaa bila kulalamika. Basi alibeba vyuma vyote: spana, spoki za akiba, cheni ya akiba, pampu. Mimi nilibeba hema, sufuria, unga, dawa na vitu vidogo vidogo ndani ya kopo la kahawa. Kwa watu wawili wanaolala pamoja kila siku, mpango huo hauna kasoro. Siku ya kuachana ndipo unapokuta nusu ya baiskeli yako imo kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Pampu ilikuwa moja. Kwa haraka ningesema ni yangu, kwa kuwa niliinunua mimi. Lakini tairi zangu zilikuwa na valvu ya gari, ileile ya pikipiki, na kuanzia Uvinza hadi Kigoma hakuna kijiwe cha bodaboda kisicho na pampu ya mguu. Zake zilikuwa na valvu ya kizamani yenye kijimpira ndani, na mbele yake kulikuwa na pori la Mpanda. Pampu ikaenda kwake. Nikamkumbusha kukata vijimpira vya akiba kabisa, maana kile cha ndani kikichakaa upepo unatoka polepole, na mtu anaweza kuhangaika nusu siku akitafuta tundu kwenye tyubu isiyo na tundu.

Solusheni, ile gundi ya viraka, tulikuwa na mirija miwili, mmoja umefunguliwa. Uliofunguliwa ukikaa juani kwenye mfuko hukauka bila kukuambia. Mzima akachukua yeye. Viraka tukagawana sawa kwa sawa. Hema likabaki kwangu, turubai na chandarua vikawa vyake. Hesabu ya fedha haikuchukua hata dakika mbili.

Zamu ya spoki ilipofika, ndipo utani ulipoingia kazini. Alikuwa na spoki ndefu kumi za gurudumu lake la nyuma. Akahesabu nne, akanitupia.

"Chukua, mtani. Utachomea mishikaki Kigoma."

Spoki za inchi 28 hazifai kwenye rimu ya 26, zimezidi kwa urefu, na yeye alilijua hilo. Nikazifunga kwenye fremu kwa kipande cha tyubu, ili nisimnyime raha yake.

Tulikunywa chai ya rangi kwa chapati, tukajaza maji. Yeye alichukua lita 9: chupa mbili kwenye fremu na dumu la lita 5 kwenye keria, mengine begani. Jambo la mwisho nililomwambia lilihusu shati lake la buluu. Kati ya Kaliua na Nguruka mbung'o walikuwa wamemwandama yeye kuliko mimi. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na rangi ya buluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mafuta ya kufukuzia mbu hayawasumbui sana, na baiskeli iliyopakiwa mzigo haiwezi kuwakimbia mlimani. Akavua shati, akavaa la kaki la mikono mirefu. Tukashikana mikono kwenye njia panda. Akapanda kwa kusukuma hatua tatu na kurusha mguu nyuma, kama wazee wote wa Phoenix wanavyopanda, akaenda bila kugeuka.

Spoki ilikatika kabla ya saa tano, kwenye lami. Sauti yake ni kama mtu amekwanyua waya wa gitaa mara moja, kisha gurudumu linaanza kucheza. Kukatika kwenye lami kusimshangaze mtu. Spoki haikatiki pale ilipoumia. Iliumizwa na rasta za barabara ya vumbi kabla ya Uvinza, ikaendelea kuchoka kwa kila mzunguko, mpaka shingo yake ilipoachia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Na ilikuwa ya upande wa gia, kama kawaida. Gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya mzigo, tena upande wa gia spoki hukazwa zaidi ili rimu ikae katikati.

Spoki fupi za akiba nilikuwa nazo tatu. Lakini upande ule huwezi kuingiza spoki bila kung'oa friwili, yaani gia za nyuma, kwa kuwa meno yake yanaziba matundu ya habu, na friwili haing'oki bila kifungulio chake: kichuma cha duara chenye meno ya kuingia katikati, kinachozungushwa kwa spana kubwa. Nilimwaga mfuko wote kwenye majani. Hakikuwemo. Nikakumbuka kilipo: ndani ya soksi, chini kabisa ya mfuko wa mtani, tulikokiweka Tabora ili kisigongane na sufuria. Phoenix haina kazi nacho hata kidogo. Na mtandao wa simu pale haukuwepo.

Kwanza nililegeza breki ya nyuma ili rimu ipite bila kusuguliwa. Kisha nikazitazama zile za mishikaki.

Spoki ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, unaweza kuikata kichwa na kuipinda ncha iwe kama herufi Z, ikaingia kwenye tundu la habu kwa upande wa ndani na kujishika yenyewe, bila kugusa friwili. Unapima kwa spoki nzima ya jirani, unaongeza kama sentimita moja na nusu ya kupinda, unakata kwa plaisi. Pindo la kwanza liwe pembe mraba. La pili lirudi baada ya milimita 5 au 6. Mimi la pili nililifanya fupi mno. Nilipokaza, ndoano ikachomoka na kunikwaruza kidole. Spoki moja ikawa imepotea. Ya pili niliipinda juu ya ukingo wa spana ili kona ziwe kali, nikaipenyeza, nikaipitisha chini ya ile inayoikata kama jirani zake walivyopita, nikaifunga kwenye nati ileile ya zamani iliyokuwa imebaki kwenye rimu. Tairi halikuguswa.

Kukaza ndiko kunakotaka subira. Nusu mzunguko, unaipiga spoki kwa kucha, unasikiliza, unalinganisha na za upande huohuo. Spoki iliyopindwa haitalia sawa na wenzake na usiilazimishe, ikishika theluthi mbili ya sauti inatosha kukufikisha. Kazi yote ilichukua karibu saa nzima, pamoja na maswali ya watoto watano na ng'ombe mmoja aliyetaka kula majani chini ya spana zangu.

Nikaenda polepole, mkoba mmoja wa nyuma nimeuhamishia kwenye usukani ili kupunguza uzito. Breki ilikuwa moja tu, ya mbele, na Kigoma inaingiwa kwa kushuka. Kwenye mteremko mkali nilishuka nikatembea. Nilifika Mwanga, pale Kigoma mjini, jua likiwa limekaribia kuzama. Kesho yake asubuhi, kwa fundi wa karibu na sokoni, tulitoa friwili kwa kifungulio chake, akaweka spoki halali. Ile ya Z aliiweka kwenye kopo lake la misumari.

Jioni hiyo nikafungua kopo langu la kahawa kutafuta wembe, nikakuta vitu viwili vimefungwa kwenye karatasi ya sigara: kotapini mbili mpya, za kushikilia mikono ya pedali ya Phoenix. Baiskeli ile bila kotapini nzima ni mzigo wa kusukuma. Pini ikianza kulegea pedali inagonga kila mzunguko, na ukiendelea kukanyaga inakatika ubavu.

Alipiga simu siku ya nne, akiwa Mpanda.

"Mtani, kotapini zangu unazo?"

"Ninazo. Na kifungulio changu?"

"Kimo kwenye soksi." Akacheka. Pini ya kushoto ilikuwa imelegea kabla hajafika Mishamo. Akasukuma kilomita kadhaa, fundi mmoja akamkatia kipande cha nondo ya milimita 10, akakipiga tupa kwa muda mrefu mpaka kikapungua na kupata ubapa upande mmoja, akakigongea kwa nyundo. Kiligoma kutoka tangu siku hiyo, na yeye hakuona sababu ya kukibembeleza.

Nikamwambia nitamtumia kotapini kwa basi, na yeye anirudishie kifungulio kwa njia hiyohiyo. Akakataa. Alisema Mbeya kuna basi la Tabora, atakituma akifika.

"Ila uandike mahali," akasema, "kwamba Mzaramo alimbebea Mnyamwezi chuma kutoka Uvinza mpaka Mbeya, tena milima ya Ufipa, bila ujira."