Mti Kwenye Shamba la Bwasa

Bukavu, Jumamosi 31 Agosti 2024, usiku

Nimefika nyumbani saa moja jioni kutoka Walungu. Nimeoga, nimekula bugali na sombe (kisamvu) iliyobaki mchana, na mikono bado inanuka majani mabichi. Huko barazani nimetandaza gunia, juu yake maganda ya mbegu za mti wa kaliandra tuliyochuma leo. Sitaki kulala kabla sijaandika, kwa sababu leo shangazi yangu amekata vijiti vya kupandishia maharagwe kwenye miti aliyoipanda kwa mikono yake, na siku hii tumeingoja karibu miaka mitatu.

Nianze na kosa langu.

Oktoba 2021, mvua zilipokwisha kushika, nilifika kijijini kwetu na gari lililojaa miche. Nilikuwa nimeajiriwa kwa muda na mradi mmoja wa kupanda miti, na kazi yangu ilikuwa kugawa: mikaratusi, grevilea, sedrela kidogo. Kila mama aliyekuja alipewa miche hamsini. Alitia alama ya kidole kwenye orodha, akapigwa picha, akaondoka na miche kichwani. Jioni nilijumlisha: miche elfu mbili. Nilirudi mjini na furaha tele, kichwani nikiuona mlima mzima umefunikwa kijani.

Januari nilikwenda kumsalimia shangazi. Nyuma ya jiko, chini ya mgomba, nilikuta miche yake yote hamsini imesimama ndani ya vifuko vyake, imekauka kama ufagio. Hakuwa ameificha. Aliniona nikiitazama, akanivuta karibu.

"Mwanangu, mimi ninalima bwasa. Nikipanda mti mule, mwenye udongo ataniuliza: tangu lini hapa ni kwako?"

Kwa asiyetoka Bushi, nchi ya Washi hapa Kivu ya Kusini, nieleze. Desturi ya huku ina njia mbili kubwa za kupata shamba. Ya kwanza ni kalinzi: mtu humtolea mwami (mtawala wa kimila) au mkubwa wa mlima ng'ombe, au thamani yake, naye hupewa udongo wa kukaa nao na kuwaachia watoto. Tangu zamani hilo limekuwa jambo la wanaume. Ya pili ni bwasa: unakodi kipande kwa msimu au kwa mwaka, unalipa pesa, mazao, au siku kadhaa za kulima shamba la mwenyewe, na muda ukiisha unatoka. Ndani ya bwasa unaweza kupanda maharagwe, mahindi, viazi vitamu. Kitu cha kudumu hapana. Si mgomba, si kahawa, si mti. Mgomba na mti ni mashahidi: aliyeupanda anaweza kesho kusimama mbele ya wazee na kusema hapa ni pangu, tazameni. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni wa Taifa, lakini pale mlimani neno linalosikilizwa ni la mwami na la mwenye kalinzi. Na wanaolima bwasa, wengi wao ni akina mama.

Neno bwasa nimelijua tangu utotoni. Nimezaliwa humu, nikasomea kilimo hapa Bukavu. Nilimuuliza kila mama jina lake, idadi ya watoto wake, ukubwa wa shamba lake. Sikumuuliza hata mmoja wao udongo anaoulima ni wa nani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu halikuhitaji pesa wala gari. Lilihitaji swali moja.

Orodha ofisini iliendelea kusema miche elfu mbili imepandwa. Nilipomweleza msimamizi nilichokiona, alinijibu kwamba mradi ulikuwa wa kugawa na tayari umefungwa. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Kadutu, nikilia, bila kujali nani ananiona.

Siku zile za Januari nilikaa kwa shangazi usiku mbili. Siku ya pili, tukipalilia, nilimuuliza: kama ungeweza kupanda mti, ungetaka mti gani? Nilidhani atasema parachichi. Hakuinua hata kichwa.

"Vijiti," alisema.

Nilihitaji muda kuelewa. Maharagwe yanayopanda huzaa mara mbili ya yale ya chini, pengine mara tatu, na huku kwetu, ambako familia nzima hula kwa kipande unachokivuka kabla hujamaliza salamu, tofauti hiyo ndiyo sufuria ya jioni. Lakini kila shimo linadai kijiti cha mita mbili au zaidi, na shamba la hekta moja linameza makumi ya maelfu ya vijiti. Mama asiye na miti atavitoa wapi? Shangazi alikuwa akinunua mafungu sokoni Mugogo, na bei hupanda hasa mwezi ambao kila mtu anavitaka. Akikosa pesa, alikata matete. Matete huoza kwa msimu mmoja, na mara nyingi huvunjika maharagwe yakiwa yamejaa maganda na upepo wa Novemba ukivuma. Jirani zake wengine walishaacha, wakarudia maharagwe ya chini na mavuno ya chini. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiwapelekea mbegu nzuri za maharagwe yanayopanda, bila kuwapa kitu cha kuyapandishia.

Siuchukii mkaratusi. Una mahali pake, juu kabisa ya mlima, mbali na chemchemi kwa sababu hunywa maji mengi, na wanaume wanaoupanda kwa mbao na makala, yaani makaa, wanafanya jambo jema. Mji huu unapika kwa makala, na kila gunia linalotoka kwenye shamba la miti ni gunia ambalo halikutoka kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, unaolindwa kama hifadhi ya taifa tangu 1970. Lakini mkaratusi unataka miaka ya kungojewa, na shangazi alikuwa na udongo wa miezi minane.

Kaliandra ni mti mwingine kabisa. Ni kichaka kilicholetwa kutoka Amerika ya Kati. Kinakatwa, kinachipua, kinakatwa tena, kinachipua tena. Mizizi yake hurutubisha udongo kama mizizi ya maharagwe, majani yake huliwa na mbuzi na ng'ombe, maua yake mekundu huvuta nyuki, na shina zake zikiachwa zirefuke hutoa vijiti vinavyoweza kutumika zaidi ya msimu mmoja. Ukikipanda kwa mstari unaofuata usawa wa mlima, miche ikiwa imekaribiana, maji ya mvua yakishuka huangusha pale udongo yaliokuwa yanauiba.

Lakini bado lilikuwepo lile swali la mwenye udongo.

Juni 2022 tulikwenda kwake. Sikwenda kama fundi wa kilimo. Nilikwenda kama mtoto wa ukoo, nyuma ya baba yangu mdogo, kwa maana neno la aina hiyo huanzishwa na mkubwa. Tulibeba dumu la kasiksi, pombe ya ndizi. Mzee alitukaribisha vizuri, akanywa kwanza mwenye kuleta kama ilivyo desturi, kisha naye. Baba mdogo alizungumza juu ya mvua, juu ya ugonjwa wa kunyauka uliomaliza migomba, juu ya marehemu waliofahamiana. Mimi nilikaa kimya karibu saa nzima. Ilipofika zamu ya miti, mzee aliweka kikombe chini.

"Wakati wa Wabelgiji baba yangu alichimba mifereji mlima huu wote kwa lazima. Kuzuia mmomonyoko, walisema. Asiyechimba aliadhibiwa. Uhuru ulipokuja tuliiacha ijae. Sasa mjukuu wangu anakuja na mistari ileile."

Sikujua la kumjibu. Ni shangazi aliyejibu, kutoka mlangoni alikokuwa ameketi na wenzake wanne: "Mzee, sisi hatutaki udongo wako. Tunataka vijiti. Mti ni wako, kijiti ni chetu."

Maneno hayo ndiyo yaliyofungua kila kitu. Tulizungumza mpaka jua likaelekea kuzama. Kaliandra ingepandwa kwenye kingo za mifereji ya zamani, ikatwe kila mwaka chini ya kiuno ili isiwe mti wa mpaka. Ingekuwa mali ya mzee siku zote. Nusu ya majani kwa mbuzi wake, nusu kwa akina mama. Vijiti vyote kwa akina mama. Mpakani, upande wa juu, tungempandia grevilea, mti usiosumbua sana mazao, na mbao zake zingekuwa za kwake peke yake. Naye kwa upande wake asingeongeza bwasa wala kuwatoa kwa misimu sita.

Nilitaka iandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee alikataa, karatasi kwake ni kitu kinachotumika kumnyang'anya mtu. Mwishoni aliitwa katekista, pamoja na majirani wawili, na katekista akaandika kwenye daftari la shule, akasoma kwa Mashi, lugha yetu, neno kwa neno. Kila mtu alitia kidole. Zilikuwa alama zilezile nilizozikusanya 2021. Safari hii kila mmoja alijua anatilia nini.

Kitalu, au pepinieri kama tunavyosema hapa, sitakieleza sana. Mbegu tuliziloweka mchana mmoja na usiku mmoja, tukajaza vifuko udongo, mchanga na samadi, tukaezeka kivuli cha majani. Kiangazi chote akina mama walichota maji kwa zamu, kwa mpangilio uleule wa likelemba yao, mchezo wa kuchangiana pesa, na aliyekosa zamu alilipa. Mwishoni mwa Oktoba tulipanda. Mbuzi wa jirani walikula mstari mzima wiki ya pili, ukachipua.

Mwaka jana mashina yalikuwa membamba bado. Tuliyakata kwa ajili ya mbuzi na kuni. Leo yalikuwa yamepita kichwa changu. Shangazi alishika panga, akakata la kwanza kwa mshazari, akachambua majani, akalisimamisha chini na kulitikisa kama anayepima fimbo ya bwana harusi. Kisha hakusimama tena mpaka adhuhuri. Alikuwa akihesabu kwa sauti, na akipotea anaanza fungu upya. Mia nne na kumi na mbili. Havitoshi shamba lote, lakini mwaka huu atanunua mafungu machache tu Mugogo.

Kisha aliniita nione kitu. Nyuma ya mstari, upande wa juu, udongo mwekundu ulikuwa umejikusanya ukafanya ngazi. Aliweka kiganja chake pale kikiwa kimesimama, kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole, na ngazi ilikuwa sawa nacho. "Huu zamani ulikuwa unakwenda mtoni," alisema.

Nilipaswa kufurahi tu leo, lakini kati ya wale wanawake watano, mmoja hakukata kwake. Shamba lake lilikuwa la mwenyeji mwingine, aliyekubali kwa mdomo, bila mashahidi, na mimi nilikuwa na haraka nikaridhika. Mstari wake ulikuwa mzuri kuliko yote. Februari, udongo ulipoanza kunenepa, mwenye shamba alimtoa, akamkodisha mtu mwingine kwa bei kubwa zaidi. Vijiti vyake vitapandisha maharagwe ya mgeni. Amekuja leo kusaidia wenzake kukata, na hakusema neno la uchungu hata moja. Shangazi alimfungia mafungu mawili. Nami nilibaki nikijua kwamba mti tuliomletea ndio uliofanya shamba lake litamaniwe.

Na hata kwa shangazi, misimu minne imepita kati ya sita. Mzee amezeeka. Wanawe sijui wanawaza nini. Tena hapa kwetu mti unadai kitu kisichoandikwa kwenye daftari lolote: watu wabaki mahali pamoja. Shangazi amewahi kukimbia vita mwaka 1996, akarudi akakuta hata nguzo za nyumba zimechomwa kuni. Maharagwe huvunwa baada ya miezi michache. Anayepanda mti anaamini atakuwepo.

Watu wema walio mbali huniandikia wakitaka kuchangia, na karibu wote huuliza mche mmoja ni dola ngapi. Siku hizi nawajibu kwamba mche ndiyo sehemu rahisi. Nawaomba walipie safari za baba mdogo, daftari, dumu la kasiksi, na mtu wa kurudi baada ya mwaka kuona nini kimeishi. Wangari Maathai alipoanzisha vuguvugu lake la kupanda miti Kenya mwaka 1977, akina mama walilipwa kidogo kwa mche uliokwisha kushika na kuishi. Ningejua kuyatilia maanani hayo mapema, nisingehesabu alama za vidole.

Maganda ya kaliandra yakikauka hupasuka ghafla na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo nimeyafunika kitenge cha zamani. Mawili yaliyokuwa yameiva sana yamekwisha kupasuka wakati naandika. Nimezisikia mbegu zikigonga kitambaa. Za kwanza ni za yule mama wa tano. Amepata kipande upande wa pili wa kijito, bwasa tena. Jumanne tunakwenda na baba mdogo kumwona mwenyewe, na katekista amekubali kuja na daftari.